"Wauguzi" ni Nani? Istilahi za Makao ya Wazee

Sheria ya Marekani huyataka makao ya wazee yapokeayo fedha za Medicare na Medicaid yabandike kila siku, mahali panapoonekana na wote, idadi ya watumishi wa uuguzi na saa zao katika kila zamu. Tangu mwaka 2016 makao hayo hupeleka pia serikalini takwimu zitokanazo na orodha za mishahara, nazo hutangazwa kwa umma. Shabaha ni kwamba jamaa ajue ni nani atakayemtunza mzee wake. Lakini uwazi huo waweza kupotea mikononi mwa mfasiri.

Kosa la kwanza ni kuwaita watumishi wote "wauguzi". Tangazo hutenga makundi matatu: muuguzi msajiliwa, apimaye hali ya mzee na kupanga matunzo, muuguzi wa ngazi ya chini mwenye leseni, atoaye dawa na kufunga vidonda, na msaidizi wa muuguzi, aogeshaye na kulisha. Tuchukue mfano. Makao ya wakaaji 100 yakiwa na saa 350 kwa siku, wastani ni saa 3.5 kwa kila mkaaji. Ikiwa saa 300 ni za wasaidizi, za wauguzi wenyewe ni nusu saa tu. Aandikaye "saa 3.5 za wauguzi" huficha jambo lile lile ambalo sheria ilikusudia kulifichua.

Kosa la pili ni neno "ikama". Maofisini mwetu ikama ni idadi ya watumishi wanaotakiwa kuwapo, hata kama nafasi nyingine hazina mtu. Takwimu tuzisemazo hazihesabu nafasi, bali saa zilizofanyiwa kazi na kulipiwa. Kuandika "ikama" hapo ni kuhesabu ahadi kama tendo.

Jambo hili si dogo. Kanuni ya mwaka 2024, iliyodai angalau saa 3.48 za uuguzi kwa kila mkaaji kwa siku, ilitenguliwa na mahakama ya Texas mwezi Aprili 2025. Pasipo kiwango hicho, jamaa hana budi kuzipima takwimu mwenyewe.

Kwa hiyo twapendekeza "saa za uuguzi zilizofanywa", zikitajwa kwa kila kundi. Na "mkaaji" badala ya "mgonjwa", kwani hapo ndipo nyumbani kwake. Ikama ibaki na maana yake. Wasomaji wenye istilahi bora, hasa kwa lile kundi la pili, watuletee.