Mkato wa Bawa

Anayeifungua leo XFOIL, programu ya kupima mikato ya mabawa ya ndege, atadhani kompyuta yake imerudi utotoni. Hakuna picha za kupendeza wala vitufe vya kubofya; ni maandishi na mahali pa kuandika amri. Andika NACA 2412, na mkato wa bawa uko tayari. Tarakimu hizo ndizo umbo lenyewe: 2 ni mpindo, asilimia 2 ya upana wa bawa kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, 4 yasema kilele cha mpindo kiko asilimia 40 ya safari hiyo, 12 ni unene. Ndilo bawa la Cessna 172, ndege iliyowafundisha urubani watu wasiohesabika.

Hapo sasa utamu huanza. Taja mwendo, inua pua ya bawa nyuzi 4, na kufumba na kufumbua utajua litabeba kiasi gani na hewa italikinza kiasi gani. Punguza unene. Jaribu tena. Chai haijapoa, mbunifu ameshatupa mabawa kumi bila kukata hata ubao mmoja.

Mark Drela aliiandika XFOIL mwaka 1986 katika chuo kikuu cha MIT, Marekani. Ustadi wa programu hiyo uko katika kuukokotoa ule utando mwembamba wa hewa unaoambaa juu ya bawa. Katika mwendo wa polepole, hewa hiyo hubanduka kisha ikajishika tena, na ndege dhaifu hupoteza nguvu papo hapo. Drela huyohuyo alibuni mikato ya mabawa ya Daedalus, ndege ya kilo 31 hivi iliyoendeshwa kwa pedali. Tarehe 23 Aprili 1988, mwendesha baiskeli Mgiriki, Kanellos Kanellopoulos, aliirusha kutoka Krete hadi Santorini, kilomita 115, chini ya saa 4. Upepo ukauvunja mkia mita chache kabla ya ufuko, akaogelea.

XFOIL ina udhaifu wake. Bawa likikaribia kuishiwa nguvu ya kuinua, hulisifu kupita kiasi, na ncha za bawa haizioni kabisa. Kwa ndege nzima kuna OpenVSP, ambayo NASA iliifungulia umma mwaka 2012.

Zote mbili ni za bure. Mwanafunzi mwenye kompyuta kuukuu aipakue XFOIL, aandike 2412, kisha atafute bawa la kulishinda.