Juu ya Neno "Bioplastiki" katika Habari za Mavazi

Miaka hii ya karibuni neno "bioplastiki" limeanza kutumika katika maandishi ya Kiswahili yahusuyo mitindo ya mavazi. Hatuna ugomvi na maneno ya kukopa. Mafundi cherehani wa Tandika na Mwananyamala walikwisha kulikaribisha neno "tetroni" zamani, wala hakuna aliyepotea njia kwa sababu hiyo. Shaka yetu ni nyingine. Neno hili labeba maana mbili zisizolazimika kukaa pamoja, nalo halimwambii msikilizaji ni ipi inayokusudiwa.

Maana ya kwanza yahusu asili: plastiki itokanayo na mimea, si na petroli. Ya pili yahusu mwisho: plastiki iozayo. Asiyechunguza atadhani ya kwanza huleta ya pili. Sivyo. Tangu mwaka 2010 kampuni ya Braskem ya Brazil hutengeneza polithini kwa miwa. Asili yake ni shambani, lakini kikemia ni ile ile polithini ya mifuko iliyopigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni, 2019 (ambayo watu wa Dar es Salaam waliiita "rambo"), nayo haiozi upesi zaidi kuliko hiyo. Kinyume chake ipo PBAT, mwana wa petroli, ambayo vijidudu vya lundo la mboji huweza kuila.

Kati yao ipo PLA, itengenezwayo kwa wanga wa mahindi au kwa sukari ya miwa. Waandishi wa mitindo waipenda, maana yaweza kusokotwa uzi. Kuoza huoza, lakini yataka mboji yenye joto la digrii 60 hivi. Vazi lake likitupwa mferejini Temeke, au likachukuliwa na mto Msimbazi hadi baharini, litakaa miaka mingi. Hata Piñatex, ile iitwayo ngozi ya majani ya mananasi, hutiwa PLA. Mnunuzi aliyeongeza fedha kwa kuliamini jina amedanganywa na neno kabla hajadanganywa na muuzaji.

Mfano ulio karibu nasi ni mwani. Unguja na Pemba hulimwa kwa biashara tangu mwaka 1989, wakulima wengi wakiwa wanawake, na sehemu kubwa huuzwa ng'ambo ukiwa mkavu tu. Huko Marekani mbunifu Charlotte McCurdy ametengeneza koti la mvua kwa plastiki ya mwani. Jambo la kupendeza. Lakini utando wa mwani hunywa maji, hata unyevu wa hewa, usipopakwa nta au kitu kama hicho. Si dosari ndogo katika mji ambamo shati hulowa jasho kabla ya saa nne asubuhi.

Twapendekeza basi maneno mawili: "plastiki ya mimea" kwa asili, na "plastiki iozayo" kwa mwisho. "Plastiki hai" haifai, kwani haina uhai; na "rafiki wa mazingira" ni sifa isiyopimika. Wauzaji watalalamika kwamba kuoza kwanuka. (Wenye mzaha watakumbusha kwamba baba naye huoza binti.) Hata hivyo kitenzi hiki kina faida ambayo "bioplastiki" haina: akitajiwa vazi liozalo, fundi wa Mbagala atauliza mara moja, laoza wapi, na kwa muda gani?