Siri ya Jiwe Linalong'aa Iko Kwenye Poromoko

Pipa lililolazwa ubavu, lenye mawe, maji na unga wa msasa, linazungushwa usiku na mchana kwa takriban majuma manne. Hiyo ndiyo mashine nzima ya kung'arishia mawe. Wengi wanaoiunda nyumbani huhangaikia mota na pipa, kasi wakaiacha iwe iwavyo, na hapo ndipo mawe mazuri huishia kuwa na nyufa. Kinachosaga ni poromoko: tabaka la juu la mawe hupandishwa na ukuta wa pipa, kisha huteleza kurudi chini, jiwe likisugua jiwe na msasa ukiwa katikati. Yakiteleza, yanalainika. Yakirushwa, yanapasuka.

Mashine ninayoichambua iliundwa Arusha kwa kipande cha bomba la PVC lenye kipenyo cha nje cha milimita 160, ambacho ndani ni kama 150. Kila pipa lina kasi ya ukomo, ambayo ikifikiwa mawe hugandamana na ukuta na kuzunguka nao bila kusagana. Ili kuipata, gawa 42.3 kwa kipeuo cha pili cha kipenyo cha ndani kilichopimwa kwa mita. Kwa pipa hili jibu ni mizunguko 109 kwa dakika. Mawe huporomoka vizuri kwenye theluthi moja hadi nusu ya kasi hiyo.

Mota yake huzunguka mara 1,420 kwa dakika, kwa hiyo sharti kasi hiyo ipunguzwe kwa hatua mbili. Puli ya milimita 40 kwenye mota inavuta kwa mkanda puli ya milimita 250, na shafti inapata mizunguko 227. Shafti hiyo imevikwa mpira hadi ikafika unene wa milimita 30, na pipa la 160 limelala juu yake, likisaidiwa upande wa pili na shafti nyingine inayozunguka bure kwenye beringi zake. Hapo pipa linapata mizunguko 43 hivi. Ni hesabu ya dakika chache, nayo inaokoa kazi ya mwezi mzima.

PVC tupu huteleza mno: mawe hukaa chini kama rundo na pipa likapita chini yake. Dawa yake ni kulitandika ndani kwa tyubu ya gari. Mpira hushika mawe na kuyapandisha, hupunguza makelele, na hulinda ukuta usiliwe na msasa.

Pipa hujazwa theluthi mbili hadi robo tatu. Chini ya hapo mawe huanguka badala ya kuteleza, na likijaa sana hayana pa kuporomokea. Maji yaishie chini kidogo ya usawa wa mawe, na changanya makubwa na madogo, kwa kuwa madogo huingiza msasa kwenye mapengo. Kwa awamu ya kwanza, kijiko kimoja hadi viwili vya mezani vya silikoni kabaidi namba 60/90 vinatosha kila nusu kilo ya mawe. Baada ya juma moja msasa huo umesagika na kuwa tope lisilo na makali. Hufuata 120/220, kisha 500, na mwisho oksidi ya alumini, ambayo ndiyo huleta mng'ao.

Kati ya awamu na awamu, osha bila haraka. Punje chache za 60 zikibaki kwenye mfuniko au kwenye ufa wa jiwe, zitachora mikwaruzo juu ya kila kitu katika awamu ya mwisho. Mimi naona ni lazima kuwa na pipa la pili, lisilowahi kuguswa na msasa mkali, kwa ajili ya kung'arishia tu. Na jiwe lenye shimo au ufa liondolewe mapema, hata likiwa zuri kiasi gani.

Mawe nayo yachaguliwe kwa ugumu unaolingana. Jamii ya kwazi, yenye ugumu wa 7 hivi kwenye kipimo cha Mohs, ndiyo rahisi kuliko zote: agati, ametisti, na krisopresi ya kijani ya Haneti mkoani Dodoma. Jiwe la Longido ni mtihani, kwa sababu rubi yake ina ugumu wa 9 na zoisaiti inayoizunguka haifiki 7. Zoisaiti huliwa kwanza, rubi ikabaki imetokeza kama vinundu. Tanzanaiti isitiwe kabisa, maana hupasuka kirahisi kwa kufuata mkato wake wa asili.

Siku za mwanzo fungua pipa kila siku, kwani baadhi ya mawe hutoa gesi inayoweza kuusukuma mfuniko. Tope usilimwage kwenye sinki, litaganda na kuziba bomba. Lizike likiwa bichi, maana likikauka vumbi lake la silika hudhuru mapafu. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, ligeuzegeuze pipa kwa mkono kabla ya kuwasha tena, ili tope lililotuama lisiilemee mota. Halafu iko bili: mota ya wati 180 ikifanya kazi kwa nguvu zake zote hula zaidi ya uniti 4 kwa siku, yaani zaidi ya 120 kwa majuma manne. Pipa lenye kilo nne na nusu za mawe, likikaa juu ya beringi nzuri, halihitaji nguvu zote hizo. Ukipata mota ndogo zaidi inayoweza kuwaka mfululizo bila kuchemka, chukua hiyo.