Palizi Ndani ya Fuwele

Maada zenye elektroni za kitopolojia zimejaa kwenye orodha za watafiti, lakini zilizo safi ni za kutafuta kwa tochi. Unakuta hesabu zinaahidi elektroni za Dirac, zile zinazokwenda kana kwamba hazina uzito, ila ukiipima fuwele yenyewe zimesongwa na elektroni za kawaida. Au ziko mbali na kiwango cha Fermi, mpaka wa nishati ambao elektroni zilizo karibu nao ndizo zinazobeba umeme. Mwaka 2021 Shiming Lei, Leslie Schoop wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, na wenzao walichapisha njia ya kuliondoa tatizo hili ambayo naihesabu miongoni mwa kazi za werevu mkubwa katika fani hii. Walilitumia wimbi la msongamano wa chaji kupalilia.

Wimbi hilo huzuka pale elektroni zinaposongamana hapa na kupungua pale kwa mpangilio unaojirudia, huku atomi nazo zikisogea kidogo kuufuata. Rudolf Peierls alikwishaeleza sababu yake zamani, kwa mfano wa atomi zilizopangwa mstari mmoja. Zikisogea hivyo, pengo la nishati linafunguka kwenye kiwango cha Fermi, elektroni zilizokuwa mpakani zinashuka chini, na nishati inayookolewa inafidia gharama ya kuzisogeza atomi. Kwa maneno mengine, wimbi linazifuta elektroni zinazobeba umeme. Mtu anayezitafuta elektroni za Dirac ana haki ya kuliogopa, kwa kuwa jembe linalokata magugu hukata na mche.

Mche ulinusurikaje? Jibu limo katika umbo la tabaka. Mwaka 2016 Schoop na wenzake walikuwa wameichunguza ZrSiS, maada ya zirkoni, silikoni na sulfuri, ambayo ndani yake atomi za silikoni zimejipanga kwa miraba kwenye tabaka bapa, zikiwa na majirani juu na chini kwa zamu. Ukilipindua tabaka hilo juu chini, kama taswira kwenye kioo, halilingani tena na lilivyokuwa, kwa kuwa majirani wa juu wamehamia chini. Lisogeze sasa nusu ya seli kwa mshazari, na kila atomi inakaa pale ilipopaswa kuwa. Ulinganifu huu wa kuakisi na kusogeza unazilazimisha bendi za elektroni, yaani ngazi za nishati ambazo elektroni zinaruhusiwa kushika, zikutane mbili mbili kwenye kingo fulani za ukanda wa Brillouin, yaani ramani ya mwendo wa elektroni. Kwenye makutano hayo ndipo zinapoishi elektroni za Dirac, na ilimradi ulinganifu upo, hayaachani, hata atomi zikisogezwa.

Bendi nyingine za tabaka la miraba hazina kinga hiyo. Kwenye ramani zinachora umbo la almasi lenye pande ndefu zinazokwenda sambamba, na pande sambamba ndizo zinazoalika wimbi, kwani hatua moja inatosha kuuhamisha upande mzima mpaka juu ya mwenzake. Hapa ndipo nilipouona ufundi wa kazi hii. Elektroni zisizotakiwa ndizo zilezile zilizo rahisi kufutwa na wimbi, na zinazotakiwa zinalindwa na kitu ambacho wimbi halikigusi.

Lei, Schoop na wenzao walianzia GdSbTe, maada ya gadolini, antimoni na teluri yenye umbo lilelile, ila miraba yake ni ya antimoni. Sehemu ya antimoni waliiondoa na kuweka teluri. Kila atomi ya teluri inakuja na elektroni moja zaidi, na badiliko hilo moja lilifanya kazi mbili: lilikisogeza kiwango cha Fermi mpaka karibu na makutano ya Dirac, na likaifanya miraba ishindwe kubaki miraba, wimbi likazuka. Miraba ilipopotoka, fuwele ilipoteza ulinganifu wa pande nne, lakini ule wa kuakisi na kusogeza ukabaki. Walipong'oa elektroni kwa mwanga na kupima nishati na mwelekeo wake, fuwele ya GdSb0.46Te1.48 ilionyesha kwamba bendi nyingi zilizokuwa zikisumbua kwenye kiwango cha Fermi zimetoweka. Wenyewe waliiita karibu kamilifu, na neno "karibu" walilitumia kwa uaminifu.

Itazame fomula hiyo. Jumlisha 0.46 na 1.48 upate 1.94, wala si 2 kama ilivyo kwenye GdSbTe, maana yake baadhi ya nafasi za atomi ziko wazi. Ongeza gadolini, ambayo ina usumaku wake, na unaanza kuelewa kwa nini umeme ulipita humo kwa namna ya ajabu. Vipimo viliashiria kwamba elektroni za Dirac, zikiwa karibu kabisa na makutano, zinanasa kidogo kidogo mahali zilipo kutokana na vurugu za atomi na za usumaku.

Kwa maoni yangu, kanuni waliyoibuni ina thamani kuliko fuwele waliyoitumia. Kasoro ya fuwele hii iko katika wenzo wenyewe: teluri inayoleta elektroni ndiyo pia inayoleta vurugu, na kwa maada hii peke yake ni vigumu kusema ni kiasi gani cha tabia hiyo ngeni kinatokana na elektroni za Dirac na kiasi gani na nafasi zilizo wazi. Ingefaa kanuni ileile ijaribiwe kwenye tabaka la miraba ambalo hesabu ya elektroni inatimia bila kuchanganya atomi wala kuacha nafasi wazi.