Kushusha Corvette kwa Bolti Zake Zenyewe

Anayetaka gari la michezo likae chini huambiwa kwanza anunue springi fupi. Akikosa fedha, fundi asiyejali humkatia zile alizo nazo, kazi mbovu inayoiacha springi bila mkao sahihi na kuitaabisha shokomzoba. Lakini wenye Chevrolet Corvette za kizazi cha tano hadi cha saba, yaani modeli za 1997 hadi 2019, walikuwa na njia ya tatu. Gari lilishuka kwa takriban sentimita 2 bila kununuliwa kifaa hata kimoja, na likipandishwa tena lilirudi kama lilivyotoka kiwandani.

Siri iko kwenye springi yenyewe. Corvette hizo hazina springi za koili. Zina springi bapa moja mbele na moja nyuma, kila moja ikiwa imelala kukatisha gari kutoka gurudumu la kushoto hadi la kulia. Wanaozifananisha na springi za lori wanazionea, kwani si za chuma: ni nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ngumu. General Motors iliitumia springi ya aina hiyo upande wa nyuma kwenye baadhi ya Corvette za 1981, ikachukua nafasi ya springi ya chuma yenye uzito wa karibu kilo 19. Mpya haikufika kilo 4. Kwenye modeli ya 1984 ikawekwa mbele na nyuma.

Kizazi cha tano kilipokuja, wahandisi waliacha nafasi ya kurekebisha kimo kwenye kila ncha ya springi. Mbele kuna bolti iliyopita kwenye ncha ya springi, na chini yake kuna kikalio cha mpira kinachokandamiza wishboni ya chini. Bolti ikizungushwa ipande ndani ya springi, umbali kati ya springi na wishboni unapungua na pua ya gari inashuka. Nyuma mpango ni mwingine: ncha ya springi inaning'inia kwenye bolti ndefu na kuuvuta chini mkono unaoshika gurudumu. Nati ikilegezwa kuelekea mwisho wa bolti, nyuma inashuka.

Kazi yenyewe si ya siku nzima, ila inataka utaratibu. Kabla ya jeki kuguswa, gari huwekwa kwenye sakafu iliyonyooka na kupimwa kutoka ardhini hadi ukingo wa bodi juu ya kila tairi. Vipimo vinaandikwa, na nyuzi za bolti zinazoonekana zinahesabiwa na kupigwa picha. Halafu gari linapandishwa, linakalishwa juu ya stendi imara, na bolti za kushoto na kulia zinazungushwa kwa idadi ileile. Likirudishwa chini, wengi hukosea kwa kupima papo hapo. Mipira ya springi na bushi za wishboni huwa bado zimejikunja; gari linahitaji kuendeshwa kwanza litulie, ndipo kipimo kiwe cha kweli.

Hatua inayofuata hairukwi: alaimenti. Gari likishuka, sehemu ya juu ya tairi huinamia ndani na mwelekeo wa magurudumu hubadilika. Likiachwa hivyo, tairi ghali za Corvette zitalika upande wa ndani, mahali ambapo mwenye gari haangalii. Kingo laini zilizo chini ya pua nazo zitakwaruza zaidi. Kwenye kizazi cha tano na cha sita kingo hizo hupeleka hewa kwenye rejeta, kwa hiyo hazikuwekwa kwa urembo tu.

Na waranti je? Nchini Marekani swali hilo linaongozwa na Sheria ya Magnuson-Moss ya 1975. Kwa mujibu wake, kampuni haiwezi kumfungia mteja waranti kwa sharti la kutumia vipuri vya chapa yake tu, isipokuwa ivitoe bure au ipate kibali maalumu. Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, imewaeleza wateja kwamba kuwepo kwa kifaa cha duka jingine pekee hakutoshi kukataa dai. Anayekataa lazima aonyeshe kwamba kifaa hicho ndicho kilicholeta uharibifu. Giaboksi ikifa, bolti ya springi haina kesi. Lakini shokomzoba ikipasuka kwa kugonga mwisho wa safari yake, dila ana haki ya kuuliza, na mwenye gari hawezi kujificha nyuma ya sheria hiyo. Hapo ndipo daftari la vipimo na karatasi ya alaimenti vinapopata thamani kuliko mabishano yoyote kaunta.

Mpaka wa hatari unaonekana kwa macho, nao ni urefu wa bolti ya nyuma. Nati lazima ishike nyuzi kamili. Anayetaka kwenda chini zaidi hununua bolti ndefu madukani, na kuanzia hapo harekebishi tena alichopewa na kiwanda, amebadilisha kifaa. Ushauri wa kushikilia ni kuishia pale bolti ya asili inapoishia.

Kizazi cha nane, modeli ya 2020, kilihamishia injini nyuma ya dereva na kuziacha springi bapa. Koili sasa zimevikwa juu ya shokomzoba. Hata hivyo, mnunuzi anayechagua kifurushi cha Z51 hupata vikalio vya springi vyenye nyuzi, vinavyozungushwa kwa mkono wa fundi kubadili kimo.