Hongera, mafundi umeme wa Madaba

Barabara ya Makambako–Songea ikifika Madaba, asubuhi ni baridi, na pikapu kuukuu ya kabureta hapo ndipo huonyesha tabia yake. Inawaka, halafu inatoa moshi mweusi na kunywa petroli hata injini ikishapata moto. Fundi mwenye pupa atafumua kabureta nzima. Fundi umeme anayeijua kazi huanza na waya mmoja: anafungua swichi, anagusisha testa kwenye plagi ya choki. Taa isipowaka, volti 12 hazifiki. Springi ya choki haipati joto, kilango cha hewa kinabaki kimefungwa. Anaufuata waya hadi kwenye fyuzi, anakuta kutu ya kijani. Msasa kidogo, kwisha. Na bei yenyewe (wanajipunja, nasema) ni ndogo mno.