Orodha ya Stesheni za Doha na Maswali Mawili ya PowerShell

Yeyote aandikaye skripti ya PowerShell ya kupekua majina ya stesheni za metro ya Doha, iliyoanza kuchukua abiria mwezi wa Mei 2019, hana budi kwanza kubainisha ni swali lipi kati ya mawili analouliza: je, jina hili limo katika orodha, likiwa zima kama lilivyo, au je, herufi hizi zimo ndani ya jina?

Opereta -contains ni ya swali la kwanza tu. Ukiiuliza kama orodha ina 'msheireb', stesheni zinapokutania njia zote tatu, itakubali, maana haibagui herufi kubwa na ndogo. Lakini ukiandika 'Al Doha Al Jadeda' -contains 'Doha' itakataa, kwa kuwa hulihesabu jina la kushoto kuwa ni orodha yenye jina moja, kisha ikalinganisha zima kwa zima. Na taksiri iliyo kubwa zaidi, kwa rai yangu, ni kwamba haitoi onyo lolote: programu huendelea hadi tamati, na jibu lisilokusudiwa likapokewa kuwa ni yakini.

Metodi .Contains(), iliyorithiwa kutoka .NET, ikiitwa juu ya jina moja hutafuta kipande, nayo itaiona 'Doha' mara moja. Walakini hubagua herufi, hata 'doha' ikaikosa. Ikiitwa juu ya orodha hubadili tabia, ikataka jina zima, na ile 'msheireb' iliyokubaliwa na opereta ikakataliwa.

Kwa kutafuta kipande mimi huichagua -like, ambayo kwa '*qadeem*' huzileta Al Rayyan Al Qadeem na Al Matar Al Qadeem bila kujali ukubwa wa herufi. Amma -match yataka hadhari, kwani hufuata kanuni za regex, ambamo nukta husimama mahali pa herufi yoyote. Atakaye kuchuja anwani za tovuti za Qatar, akaandika -match '.qa', atapata na 'Al Qassar' humo humo: nafasi tupu iliyo baada ya Al imeitosheleza nukta, na Qa imetimiza yaliyosalia. Ilipasa kuandikwa '\.qa$'.

Python iliyaunganisha maswali yote mawili katika neno in, ambalo tangu toleo la 2.3 la mwaka 2003 hutafuta hata kipande chenye herufi nyingi. Wepesi wake naukiri. Lakini 'Sudan' in ('Al Sudan',) si kweli, na mkato ule mmoja ukisahauliwa, orodha hugeuka kuwa maandishi matupu, na jibu likawa kweli.

Kwa hiyo naona PowerShell ilitenda insafu kuyatenga maswali hayo, ila jina la -contains ndilo lipotoshalo. Opereta -in, iliyoongezwa katika toleo la 3.0 mwaka 2012, hutenda kazi ile ile kwa mpango ulio bayana zaidi: 'Msheireb' -in $stesheni, na msomaji wa skripti huona papo hapo kwamba kinachoulizwa ni uanachama wa jina katika orodha.